Mkaguzi Hajaona Mwisho

Mama Dirishani anasema siku ile aliniita mara tatu. Anasema nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, miguu juu ya meza ya kioo, bakuli la karanga kifuani, naangalia filamu ya mapenzi. Anasema mtoto alitoka peke yake, miguu mitupu, kikombe mkononi, akapita chini ya dirisha lake kwenye mvua na kumpungia mkono kama mtu anayekwenda safari ya mbali. Yeye akapaza sauti, "We dada! We dada wa Mkaguzi! Mtoto huyo anakwenda!" Nami, kwa maelezo yake, nikachukua rimoti nikaongeza sauti.

Hadithi hii ameisimulia dukani, ameisimulia saluni, anamsimulia kila anayepita chini ya dirisha lake, maana mama yule hatoki pale dirishani, ndiyo maana ya jina lake. Na kila akisimulia, karanga zinaongezeka. Mara ya kwanza nilipoisikia zilikuwa za kiganjani. Siku hizi zimefika bakuli.

Na mimi niseme yangu. Karanga sikuwa nazo. Sikujilaza, nilikuwa nimesimama napiga pasi mashati ya Baba Mkaguzi. Filamu haikuwa ya mapenzi, ilikuwa ya nungunungu. Na kuniita hakuniita, maana mvua ile ilivyokuwa inapiga mabati, hata mimi ningejiita nisingejisikia. Lakini filamu nilikuwa naangalia. Hapo hajakosea. Na kwa sababu hapo hajakosea, sijawahi kwenda kumjibu.

Nilianza kazi nyumba ile mtoto akiwa ndiyo kwanza anatembea kwa kushika kuta. Baba yake ni fundi wa lifti. Kazini kwao huwa anakuja mkaguzi, mtu wa tochi na daftari, anafungua kila kifuniko, anapapasa kila kamba, na ukimwambia hii tumeshaifunga anakuangalia tu halafu anainama kuiona mwenyewe. Basi binti yake alipoanza kutembea akawa hivyo hivyo. Anafunua sufuria. Anachungulia uvunguni. Anatia kidole kwenye tundu la ufunguo. Ukimwambia uji ni wa moto, anatikisa kichwa kama amekuelewa, halafu anagusa. Baba yake akacheka, akasema, "Huyu ni mkaguzi kamili, amebakiza daftari." Jina likakaa. Hata mama yake, mpima macho katika duka la miwani, mtu wa koti jeupe na sauti ya taratibu, watu wakamwita Mama Mkaguzi, naye akaitika.

Mtoto alipofika miaka mitatu na kidogo, wazazi wakaanza ubishi wa aangalie nini. Walikuwa wanabishania mezani, wakati wa chakula, mimi niko jikoni nasikia.

"Televisheni ina kiasi," alisema mama. "Kipindi cha watoto kinaanza saa kumi, saa kumi na nusu mtangazaji anawaaga, mtoto naye anaaga. Basi. Macho yanapumzika."

"Na matangazo je? Juzi katikati ya katuni katokea mtu anauza sabuni. Mwanao kaja kuniuliza kama na mimi natumia ile inayotoa madoa sugu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia aniangalie shati."

Nilicheka, halafu nikajikohoza ili ionekane ni moshi wa mafuta.

"Filamu unaichagua mwenyewe," baba akaendelea. "Unajua kilichomo. Televisheni ni bomba, unafungua hujui kitatoka nini. Filamu ni kama lifti, mtu anaingia chini, anatokea juu."

"Na ikikwama katikati?"

"Zangu hazikwami, mama."

"Haya, lifti yako inachukua muda gani mpaka juu?"

"Saa moja na robo."

"Saa moja na robo!" Nikasikia kijiko kimewekwa mezani. "Mtoto wa miaka mitatu? Mimi kutwa nawavalisha miwani watoto wa watu, halafu wa kwangu nimkalishe saa moja na robo? Dakika thelathini. Zikizidi hapo, hiyo deki yako nitaitoa na uchafu."

Wakaishia kugawana. Baba akashinda kwenye filamu, mama akashinda kwenye dakika. Jumapili moja baba akaja na diski, akakaa peke yake sebuleni akaiangalia yote, kutoka mwanzo hadi majina ya watengenezaji, akatoka ameridhika. "Safi," akasema. "Hakuna kupigana, hakuna matusi, na mwisho wake mzuri sana." Mama naye akaenda jikoni akaleta kengele yangu ya kupimia maandazi, ile ya kuzungusha, yenye umbo la yai, akaiweka juu ya televisheni.

"Dada," akaniambia, "ikilia, zima. Hata akilia, zima. Kulia hakujampofusha mtu."

Na baba akiwa anavaa viatu, "Dada, na usiirukishe-rukishe. Mtoto atapotea njia. Aanze mwanzo, aende nayo taratibu."

"Sawa, mama. Sawa, baba."

Wakaenda kazini. Sijui kama hata mmoja wao aliwahi kuziweka hizo amri mbili pamoja aone zinazaa nini. Mimi niliona siku ya tatu.

Filamu yenyewe ni ya nungunungu mdogo anayeishi shimoni na mama yake. Inaanza na wimbo, wanafagia shimo huku wanaimba, miiba yao inacheza. Halafu mama anachukua kikapu, anasema anakwenda ng'ambo ya mto kutafuta viazi, atarudi kabla jua halijazama. Anavuka juu ya gogo. Mvua inakuja, mto unajaa, gogo linachukuliwa na maji. Nungunungu mdogo anatoka na kikombe cha maji, anakiweka mlangoni kwa ajili ya mama yake akifika na kiu, anakaa pembeni yake. Jua linazama. Anaita, "Mama!" Sauti inakwenda mpaka ng'ambo, inarudi tupu.

Tin! Hapo kengele inalia. Zima.

Deki ile ilikuwa ya zamani, ukiizima inasahau kila kitu, kesho yake ni kuanza na wimbo. Na Mkaguzi mwenyewe aliupenda wimbo, nikichelewa tu ananiambia, "Dada, mwanzo! Weka mwanzo!" Jumamosi na Jumapili filamu haikuwepo, maana wazazi walikuwa nyumbani na mtoto alikuwa wa kwao. Kwa hiyo hakuna aliyekaa naye pale kwenye mkeka isipokuwa mimi. Jumatatu mama nungunungu anaondoka. Jumanne anaondoka. Jumatano anaondoka. Miezi minne mto unajaa, kikombe kinawekwa mlangoni, na mama harudi.

Mimi nilijua kama anarudi. Niseme na hili.

Nimesoma darasa la saba tu. Shuleni kwetu kulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi kwa darasa zima, na kurasa zake za mwisho zilishachanwa na waliotutangulia. Mwalimu alikuwa anafika pale kilipokatikia, anafunga, anasema, "Mengine malizieni wenyewe kichwani." Wenzangu walikimbilia mpira. Mimi nilibaki nimekaa. Mpaka leo sijui yule mwanamke wa kwenye kitabu alifunguliwa mlango au hakufunguliwa. Basi siku ile ya tatu, Mkaguzi alipokwenda kulala usingizi wa mchana, nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimezima picha tu, deki nikaiacha imesimama pale pale. Nikaweka meza ya pasi mbele ya televisheni, nikapunguza sauti, nikawasha.

Anarudi. Nungunungu mdogo anatoka kumtafuta, anapata marafiki, kobe na ndege mmoja mropokaji, wanahangaika wee, na mwishoni wanagundua kumbe mama tangu siku ya kwanza alikuwa upande wa pili anasukuma mawe mtoni, jiwe baada ya jiwe, anatengeneza njia ya kurudi. Wanakutana katikati ya mto. Mama anauliza, "Kikombe changu kiko wapi?" Nililia juu ya shati la baba, ikabidi nilipige pasi upya.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Yeye akilala, mimi namalizia. Nilikuwa najiambia simwibii mtu, nguo zinanyooshwa, mtoto analala, umeme ni ule ule wa pasi. Nusu yake ya kwanza, nusu yangu ya pili. Tulikuwa tumegawana filamu kama wazazi wake walivyogawana maneno.

Halafu Mkaguzi akaanza kuuliza asubuhi. Mama yake anavaa viatu mlangoni, yeye kasimama mbele yake.

"Mama, mto umejaa?"

"Mto gani tena, mama yangu?"

"Utapita wapi?"

"Nitapita barabarani, nitapita wapi kwingine? Haya, busu."

Mkaguzi anatoa shavu, lakini macho hayatoki kwenye mkoba wa mama. Wazazi walicheka. Baba alisema mtoto atakuwa mhandisi wa madaraja. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio pale pale, na nilielewa.

Siku nyingine jioni mama aliingia, akakanyaga kikombe kilichowekwa nyuma ya mlango, maji yakammwagikia mguuni. "Dada! Hivi kikombe mlangoni kinatafuta nini? Unataka nivunjike nyonga?" Mkaguzi alikuwa nyuma yangu ameshika sketi yangu. Nikasema, "Samahani, mama, nimesahau." Nikakiokota. Nilidhani namkinga mtoto asigombezwe. Ningesema tu, mama, kikombe hiki amekuwekea wewe, ukifika na kiu.

Nilijaribu kumwambia mtoto mwenyewe. Tulikuwa uani, ananipa vibanio vya nguo kimoja kimoja.

"Mkaguzi, yule mama nungunungu anarudi, ujue."

"Hajarudi."

"Anarudi. Anajenga njia kwa mawe."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Lini?"

Nikamwambia, "Na wewe utaona."

"Leo?"

"Siku moja."

Akanipa kibanio, akaniangalia kama yule mtu wa tochi anavyowaangalia mafundi. Mchana ule alikaa kwenye mkeka amekaza macho, anasubiri nilichomwahidi. Tin. Nikazima. Hakulia. Siku za mwanzo alikuwa analia kengele ikilia, sasa alikuwa halii tena, anainuka mwenyewe, anakwenda kulala. Mama yake alifurahi sana kusikia hivyo. "Unaona? Amezoea," akamwambia baba.

Na mama nilijaribu kumwambia, mara moja. Alikuwa amerudi, amekaa kwenye kiti cha jikoni anasugua nyayo.

"Mama, ile filamu... mtoto hafiki mwisho."

Akainua uso. "Baba yake kakutuma?"

"Hapana, mama."

"Maana najua anavyonizunguka. Zikishafika thelathini na tano zitafika hamsini. Dakika zangu usinigusie, dada."

"Sawa, mama."

Nikageuka kwenye sufuria. Yalikuwa yamebaki maneno machache tu: anadhani na wewe hutarudi. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini nilipofikiria atakavyoniuliza mwisho umeuonea wapi, na lini, na mtoto akiwa wapi, nikayameza. Nikajiambia nitamwambia kesho akiwa hajachoka. Anayepima macho ya watu kutwa nzima, kesho yake pia anarudi amechoka.

Siku yenyewe mawingu yalianza kujikusanya saa sita. Saa saba nikaweka wimbo, nikazungusha yai. Nungunungu mdogo alipokuwa anaita mama, na kwetu mvua ikaanza, matone makubwa ya kuhesabika. Tin. Nikazima picha. Mkaguzi akainuka, akaenda dirishani, akaangalia barabara.

"Mama kavaa viatu gani?"

"Vile vyeusi. Njoo ulale."

Nikamlaza, nikamfunika, akafumba macho. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Nikakimbia uani, nikazibeba zote kwa mara moja, mzigo umenifika kidevuni, nikaingia kwa mlango wa jikoni na kuusukuma kwa kisigino. Komeo lile lazima ulisukume kwa mkono. Mikono haikuwepo. Nikasema nikitua mzigo nitarudi kulifunga, na nilipotua mzigo nikaona mashati yamepata unyevu, ni bora niyapige pasi kabla hayajanuka. Nikawasha pasi. Nikawasha na picha.

Shati baada ya shati, filamu ikafika pale mama anasukuma jiwe la mwisho. Nilikuwa naujua ule wakati kwa moyo, na bado nilisimama, pasi nimeiinua hewani. Kutoka chumba cha mtoto mpaka jikoni unapita kwenye ujia, na mlango wa sebule uko mkono wa kushoto. Ulikuwa wazi nusu. Angegeuza shingo tu. Hatua tatu, nne, angemwona mama nungunungu amesimama katikati ya mto, mzima, analowa, anauliza kikombe chake. Lakini Mkaguzi hakuwa anatafuta filamu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua kikombe, akafungua mlango.

Nilikwenda kumchungulia dakika kumi baadaye, labda kumi na tano. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri. Kitanda kitupu.

Sijui nilipitaje jikoni. Nakumbuka maji barabarani yamefika vifundoni, na Mama Dirishani kwake pazia limefungwa, kwa sababu upepo ulikuwa unaleta mvua upande wake. Nilikimbilia kushoto, kusiko. Nikarudi. Kwenye kona, chini ya turubai lake, fundi viatu alikuwa amemkalisha Mkaguzi juu ya sanduku la zana, amemfunga koti lake, yeye mwenyewe analowa.

"Ni wako huyu?"

"Wangu. Wa kwangu."

"Dada yangu, Mungu anakupenda. Nimemkuta amekaa ukingoni mwa mtaro, miguu ndani ya maji, mtaro umejaa mpaka juu. Namuuliza unafanya nini, ananiambia anamsubiri mama yake avuke." Akatikisa kichwa. "Kikombe kimekwenda na maji. Ndicho kilichomliza, kikombe."

Jioni wazazi walirudi wote wawili, fundi viatu ameshawaambia. Mkaguzi alikuwa mapajani mwa mama, amemkaba shingo. Mama hakunipigia kelele. Sauti yake ya kawaida, ile ya kuwauliza watu wanasoma mstari gani.

"Ulikuwa unafanya nini, dada?"

"Napiga pasi, mama."

Baba akaenda kwenye televisheni. Akaweka kiganja mgongoni mwa deki, kama fundi anavyogusa mashine, akakiacha pale.

"Ina moto," akasema.

"Nilisahau kuizima, baba. Tangu kengele ilivyolia."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na nafasi ya kusema yote, mtoto hai yuko mbele yetu, na nilichagua uongo mdogo, nikidhani ukweli ndio utakaonifukuzisha. Kesho yake nikafukuzwa hata hivyo. Tena kwa heshima, na maji ya kunywa nikapewa. Mlangoni Mkaguzi alisimama anaangalia begi langu.

"Dada, na wewe unavuka?"

Mama akamvuta ndani kabla sijajibu.

Sasa hivi nipo kwa dobi, mtaa wa tatu kutoka pale. Nakunja shuka za hoteli kutwa. Habari za nyumba ile zinanifikia, maana wateja wetu wanapita kwa Mama Dirishani kabla ya kufika kwetu. Nasikia deki imetolewa. Nasikia wazazi kwa mara ya kwanza wamekubaliana, filamu ndiyo iliyomharibu mtoto, sasa ni televisheni tu, kipindi cha saa kumi, mtangazaji anaaga, kwisha. Na nasikia kila asubuhi ni vita mlangoni. Mtoto anashika koti jeupe la mama yake, anamng'ang'ania, juzi mfuko umechanika. Mama anafika kazini amechelewa, macho mekundu. Dada mpya hajui afanye nini. Waliponiambia hivyo nilikuwa na shuka mkononi, nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena, mpaka bosi akaniuliza kama leo tunafanya kazi na shuka moja.

Jumatano iliyopita niliomba ruhusa, nikaenda duka la miwani. Mtu wa mapokezi akaniuliza tatizo ni nini. Nikasema vitu vya mbali. Nikalipa, nikapewa namba, nikakaa.

Nilipoitwa, mama alikuwa ameinama anaandika. Akaniona. Kalamu ikasimama kidogo tu.

"Kaa hapo. Kidevu juu."

Chumba ni kidogo, hakina dirisha. Akanivalisha ile fremu nzito ya chuma ya kujaribia, akaniziba jicho la kushoto, akazima taa. Ikabaki nuru kwenye ubao wa herufi.

"Soma unapoweza."

Nikasoma. Niliona zote, mpaka za chini kabisa, zile ndogo kama sisimizi.

"Macho yako ni mazima, dada."

"Najua, mama. Nimekuja kusema."

Hakuwasha taa. Nikasema pale pale gizani, nimezibwa jicho moja, naongea na ubao. Nikasema kuhusu kikombe cha mlangoni. Nikasema kuhusu dakika thelathini zinakatikia wapi. Nikasema mwisho nimeuona, mara nyingi, kila akilala, na siku ile nilikuwa naangalia huo huo, na deki ilikuwa na moto kwa sababu yangu. Karanga sikuzitaja. Nikasema mtoto hajui kama mama anarudi, hajawahi kuona hata mara moja, na kuambiwa haamini, wewe unamjua.

"Wewe unarudi kila siku, mama, lakini kwake kila siku ni nusu ya kwanza."

Akaja karibu. Nikahisi vidole vyake kwenye fremu, pembeni mwa sikio, baridi. Nilidhani anaivua. Hakuivua.

"Sikuombi kazi," nikasema. "Naomba kama diski hamjaitupa, mrudishe ile deki. Siku moja tu. Kengele iache jikoni. Mimi ninayejua sehemu ya kuanzia, pale mlangoni mwa shimo, nije niwawekee, nikae jikoni hata asinione. Au nisije. Ukae naye wewe mwenyewe, kwenye mkeka, mwende naye mpaka wakutane katikati ya mto. Ni dakika arobaini na tano, mama. Naomba."

Nje mtu wa mapokezi aliita namba inayofuata. Vidole vilikuwa bado kwenye fremu. Nilisikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, halafu nikasikia anaitoa, na herufi mbele yangu zilikuwa zinawaka, na mimi sikugeuza kichwa.